Pale Uzi Unapobonyezwa

Mwaka juzi, katika stendi ya Mafinga, konda wa basi la Mbeya aliligonga sanduku langu kwa kifundo cha kidole, akalitazama kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa ninasafiri na msiba. Sikumlaumu. Sanduku ni jeusi, linanizidi urefu, na anayelibeba peke yake hawezi kutembea kwa uso wa furaha. Nilipomwambia kwamba ndani mna kinanda alikataa kuamini, kwa sababu kinanda anachokijua yeye ni kile cha kanisani chenye vibao vyeupe na vyeusi, na ikanibidi nifungue vifungo pale pale penye buti huku abiria wakizunguka kutazama. Nauli ya mzigo haikupungua hata shilingi. Hata hivyo, alilipanga sanduku juu ya magunia ya viazi badala ya kuliweka chini yake, na mpigaji wa zheng, kinanda cha nyuzi cha Kichina, anayesafiri katika nyanda hizi hana haja ya kuomba zaidi ya hapo.

Wala sikumdanganya. Kabla neno kinanda halijahamia kwenye chombo cha vibao, Waswahili walilitumia kwa vyombo vya nyuzi, na kamusi za zamani bado zinalitunza kwa maana hiyo.

Wachina hukiita chombo hiki guzheng, yaani zheng ya kale, ingawa wapigaji wenyewe husema zheng tu. Ni kisanduku kirefu na chembamba cha mbao, kilichobinuka kidogo mgongoni, chenye nyuzi 21 zilizotandazwa kwa urefu wake, na kila uzi umeinuliwa na kidaraja chake ambacho hakikugundishwa wala kupigiliwa msumari, bali husimama kwa mkazo wa uzi peke yake. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi upande wa kulia wa vidaraja, vidole vikiwa vimevishwa kucha za bandia zilizofungwa kwa plasta. Mkono wa kushoto, katika muziki wa kale, hukaa upande wa pili wa vidaraja, mahali ambapo uzi haudonolewi, na kazi yake ni kuubonyeza, kuuvuta na kuutikisa baada ya sauti kuwa imekwisha kutoka. Wachina wana maneno mawili kwa mambo haya mawili: sheng ni ile sauti inayozaliwa kidole kinapogusa uzi, na yun ni kile kinachoendelea kuishi baada ya hapo. Karibu kila kosa nililolifanya mbele ya watu tangu nirudi nyumbani limetokana na kuisahau yun.

Nilijifunzia Zhengzhou, mkoani Henan, ambako nilikwenda kusomea mazao ya misitu, na hilo halikumshangaza mtu yeyote nyumbani, kwa kuwa baba yangu ana mashine ya kupasua mbao na watoto wengi wa Mafinga tumelishwa na kusomeshwa na msitu wa Sao Hill. Siku moja tulipelekwa wilaya ya Lankao kutazama mbao za mti wa paulonia. Wilaya hiyo ilikuwa ikiteswa na upepo na mchanga uliofunika mashamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya kiongozi wa wilaya aliyeitwa Jiao Yulu, wananchi walipanda paulonia kwa wingi ili kuuzuia mchanga usitembee. Jiao Yulu alifariki mwaka 1964, miti ingali michanga, wala hakuna aliyeipanda akiwaza muziki. Baadaye ndipo ilipobainika kwamba mbao zake, nyepesi na zenye mwangwi mzuri, zinafaa sana kwa vifuniko vya vyombo vya nyuzi, na leo kuna vijiji Lankao ambavyo riziki yake ni kutengeneza zheng na pipa, gambusi la Kichina. Katika karakana tuliyoingia, fundi alikuwa akigonga ubao mmoja baada ya mwingine kwa kifundo cha kidole, akiinamisha sikio, kisha akiuweka kulia au kushoto bila kusema neno. Baba yangu huugonga msonobari vivyo hivyo ili ajue kama umekauka. Nadhani ni ule mlio wa kidole juu ya ubao ulionifanya nitumie akiba yangu yote ya muhula kununua zheng ya bei ya chini kuliko zote na kutafuta mwalimu.

Mwalimu niliyempata alikuwa mama mstaafu, mpigaji wa mtindo wa Henan, ambao sauti zake huteleza na kutikisika kwa nguvu. Mitindo ni mingi, kila mmoja na eneo lake: kuna ya Shandong, ya Chaozhou, ya Zhejiang na mingineyo, na mzoefu huitambua kwa jinsi mkono wa kushoto unavyobonyeza zaidi kuliko kwa wimbo wenyewe. Miezi mitatu ya mwanzo mama yule hakunipa wimbo wowote. Alinipa uzi mmoja.

Niliporudi Iringa nilipokea ushauri mwingi, na wote ulikuwa wa aina moja, kwamba watu wa siku hizi hawana subira, kwa hiyo niwapigie wanachokijua, niwapigie kwa kasi, na niweke midundo nyuma yake. Niliutii. Katika harusi moja mjini Iringa nilipiga muziki wa bongofleva juu ya midundo ya DJ, nikiwa nimevaa gauni refu jekundu ambalo mshereheshaji alilisifu kuliko muziki. Fundi mitambo alikiweka kipaza sauti karibu kabisa na kucha zangu, akaongeza besi, na kisanduku kikaanza kutetemeka kwa sauti za spika mpaka kukatokea mluzi ulioziba masikio ya meza kuu. Mluzi ulipotulizwa nikaendelea. Watu walishangilia, simu zikainuliwa, nikatunzwa pesa. Usiku ule, nikizibandua plasta vidoleni, nilitambua kwamba katika dakika 20 mkono wangu wa kushoto haukubonyeza uzi hata mara moja kwa namna ambayo mtu angeweza kuisikia. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe kinachotoa mlio unaofanana na wa chombo hiki. Kijana yeyote wa kwaya angeweza kuifanya kazi niliyoifanya mimi, tena bila kulipia mzigo wa buti.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wanaotaka zheng ifungiwe kabatini ibaki kama ilivyokuwa, kwa sababu haijawahi kubaki kama ilivyokuwa. Historia yake inazidi miaka 2,000, na katika muda huo imebadilika mara nyingi. Wakati wa enzi ya Tang ilikuwa na nyuzi 13, na koto ya Wajapani, ambayo asili yake ni zheng ya wakati ule, bado ina 13. Mwanzoni mwa karne ya 20 zheng za nyuzi 16 zilikuwa za kawaida, na hizi 21 zilienea katika nusu ya pili ya karne hiyo. Nyuzi zilizokuwa za hariri zimekuwa za chuma kilichozungushiwa nailoni, ndiyo maana mlio wa leo hudumu zaidi baada ya kudonolewa. Hata wimbo ambao wageni wengi huudhania kuwa wa kale sana, Yuzhou Changwan, wa wavuvi wanaorejea jioni wakiimba, uliandikwa katika miaka ya 1930 na Lou Shuhua. Kwa hiyo mtu anayeniambia nimeharibu asili kwa kutumia kipaza sauti ninamwuliza anazungumzia asili ya mwaka gani. Shida yangu na harusi ile haikuwa midundo. Shida ni kwamba nilikuwa nimekiita chombo ukumbini, halafu nikakinyima nafasi ya kusema.

Huo wa wavuvi ndio ulionifunza zaidi. Nusu yake ya kwanza ni ya polepole, mkono wa kulia ukigusa nyuzi chache na wa kushoto ukizitikisa, kama maji yanayotulia. Nusu ya pili huanza kukimbia, kisha hukimbia zaidi, mpaka mkono unateleza juu ya nyuzi zote kama makasia yanayoharakishwa na giza. Mbele ya wanafunzi wa chuo, makofi yalianza daima pale mbio zinapoanza, hayakuwahi kuja kabla. Nami, bila kujiambia kwamba ninafanya hivyo, nilikuwa nimeanza kuikata nusu ya kwanza. Nilitoa marudio, kisha nikatoa mstari mmoja, kisha nikawa nafika kwenye makasia kabla mvuvi hajatia nyavu majini. Rafiki aliyenirekodi mara mbili kwa tofauti ya mwaka mmoja ndiye aliyenionyesha kwamba utangulizi wa zaidi ya dakika moja na nusu ulikuwa umekwisha kuwa wa sekunde 40.

Nilichobadilisha ni kidogo, nacho kimenisaidia kuliko ushauri wote. Zamani nilikuwa nikianza kwa hotuba kuhusu enzi na wafalme, watu wakipiga miayo kwa heshima. Sasa sihutubii. Ninakaa, ninadonoa uzi mmoja mnene na kuuacha ulie wenyewe mpaka uishe. Ninaudonoa tena na kuutikisa kwa mkono wa kushoto. Mara ya tatu ninaudonoa, ninangoja sauti ianze kufifia, kisha ninaubonyeza taratibu, nayo sauti inapanda ikiwa tayari inakufa. Mara hii ya tatu huwa ninaona vichwa vikiinuka kutoka kwenye simu. Ninawaambia tu kwamba nusu ya muziki huu iko upande ambao haudonolewi, kisha ninapiga wimbo wa wavuvi mzima, na ninawaomba wasipige makofi mpaka uzi wa mwisho unyamaze. Baadhi hawawezi kujizuia. Hilo halinisumbui, mradi nami nisikate.

Kuhusu vipaza sauti nitasema kwa kifupi, kwa ajili ya fundi yeyote atakayesoma hapa: kimoja kinatosha, kiwekwe juu ya vidaraja kwa kimo cha mkono na si karibu na kucha, besi ipunguzwe, na spika zisielekee kisanduku. Ukumbi wa watu chini ya 60 hauhitaji hata hicho kimoja.

Isipokuwa mvua inyeshe. Mwezi Machi, mjini Mbeya, nilialikwa katika ukumbi wa kanisa wenye paa la bati lisilo na dari, na nilipofika katikati ya wimbo wa pili mvua ikateremka kwa namna ambayo wenyeji wa huko wanaifahamu. Niliendelea kwa muda nikiviona vidole vyangu vikitembea bila sauti, kama samaki ndani ya chupa, kisha nikaacha. Umeme nao ukakatika. Tulikaa. Baada ya dakika chache mwalimu wa kwaya, baba wa makamo aliyekuwa amevaa koti zito, alisogea jukwaani kuitazama zheng kwa karibu, na akaniuliza kwa kunipigia kelele sikioni kwa nini baadhi ya nyuzi ni za kijani.

Nikamweleza kwamba nyuzi za kijani zote ni so. Alitulia, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka uzi wa kijani kwenda mwingine: so, la, do, re, mi, so. Akarudia. Akaniambia, "Binti yangu, fa iko wapi? Na ti?" Nikafurahi kuliko nilivyofurahia makofi yoyote, kwa sababu hilo ndilo swali. Zheng hutyuniwa kwa sauti tano tu, zikirudiwa oktava nne na uzi mmoja wa kufunga, ndipo tunapopata 21. Hakuna uzi wa fa. Ukiitaka, unadonoa mi na kuibonyeza kwa mkono wa kushoto mpaka ifike, na ti vivyo hivyo unaitoa ndani ya la. Kwa kuwa unaifuata kwa shinikizo la vidole na si kwa kuikuta mahali, fa ya mpigaji mmoja haifanani na ya mwingine, na katika mtindo wa Chaozhou kubonyeza huku kwa mi na la ndiko kunakobadilisha rangi ya wimbo mzima. Mwalimu aliita sauti ya tenor, akawaambia waimbe mi kisha waikaze koo ipande bila kuvunjika. Wakaelewa mara moja, na kwa haraka kuliko mimi nilivyoelewa Zhengzhou.

Nilimwonyesha pia karatasi zangu. Wachina wengi huandika muziki kwa tarakimu, 1 ikiwa do, 2 ikiwa re, hadi 7 ambayo ni ti, na mtu aliyelelewa katika kwaya zetu, ambazo husoma kwa do, re, mi, anaweza kuzisoma siku hiyo hiyo. Waimbaji walikuwa karibu 30, wote wamenizunguka kwa sababu ukumbini mlikuwa na baridi na giza, na mmoja alinishikia tochi ya simu. Walitaka tujaribu wimbo wao mmoja ambao do yake ni G, ilhali zheng yangu ilikuwa katika D, hivyo nikavisogeza kulia vidaraja vinne vya zile nyuzi za F nusu juu, kila mmoja upande kidogo hadi ufike G, na kazi ikawa imekwisha. Mvua ilipopungua tulikuwa tumefika ubeti wa tatu. Waandaaji waliomba radhi kwamba onesho limeharibika. Mimi sijawahi kupiga mbele ya watu waliosikiliza vile.

Makambako, mzee mmoja aliyewahi kuwa kibarua wakati wa kujengwa kwa TAZARA aliniuliza swali gumu zaidi. Reli ile ya kilometa 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, naye alikaa karibu na kambi za Wachina kwa muda mrefu. Aliniambia, "Mjukuu wangu, wale niliwajua. Mbona hiki sikukiona kwao hata siku moja?" Jibu rahisi ni kwamba mtu anayekuja kutoboa milima kati ya Mlimba na Makambako habebi kisanduku cha namna hii. Jibu jingine ni kwamba miaka hiyo ilikuwa ya Mapinduzi ya Utamaduni nchini China, kuanzia 1966 hadi 1976, ambapo nyimbo za kale zilihesabiwa kuwa mabaki ya ukabaila na hazikupewa jukwaa. Badala ya kuendelea kueleza nilimpigia Zhan Taifeng, wimbo wa mwaka 1965 wa Wang Changyuan kuhusu makuli wa bandari wakipambana na kimbunga. Humo mkono wa kulia unasukuma mawimbi bila kupumzika, na upepo wenyewe hutolewa kwa kuteleza juu ya nyuzi upande wa kushoto wa vidaraja, ule usiodonolewa, ambako hakuna mpangilio wa sauti bali ni kelele tupu. Mzee alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Hawa nawajua," alisema. Ni wimbo ambao mimi binafsi siupendi sana, kwani una misuli mingi mno, lakini tangu siku ile nimeacha kuusema vibaya.

Kisha Kalenga. Nilikuwa nimealikwa kupiga kwa ajili ya watoto wa shule, chini ya mti, na baada ya kumaliza nikaitwa na mzee aliyekuwa ameketi pembeni. Baada ya kamwene na kuulizana habari za nyumbani, alinyoosha mkono akaligusa pande la ubao na kutamka neno moja: ligombo. Ligombo ni chombo cha Wahehe, gogo lililochongwa mfano wa kihori, na uzi wake ni mmoja mrefu unaopita huku na huku katika mapengo ya mbao mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Ni ndugu wa enanga ya Wahaya na inanga ya Warundi, na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, aliurekodi mlio wake mwaka 1950 alipopita Tanganyika na mitambo yake. Mimi nilikuwa nimelisikia katika rekodi tu. Yeye alikuwa amelisikia kwa mjomba wake.

Hakupendezwa na nyuzi 21. Aliniuliza za nini, na sikuwa na jibu la kuridhisha. Aliniomba nipige zile nene, nne au tano, polepole, na nisikimbie. Nikapiga mwendo mfupi unaojirudia, kama mwalimu wangu alivyonifundisha kupasha vidole moto. Mzee akaanza kusema juu yake kwa Kihehe, si kuimba hasa, bali kusema kwa mpangilio, akinipa nafasi mwishoni mwa kila mstari, na katika nafasi hizo nikagundua kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kubonyeza wenyewe, ukiifuata sauti yake inaposhuka. Kihehe changu ni kidogo, kwa hiyo nilishika majina ya watu na ya mito tu. Watoto waliokuwa wakicheka walinyamaza, kisha wakaanza kucheka tena, kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kucheza.

Alipomaliza aliomba maji. Akanywa, akaukung'uta ubao kwa kifundo cha kidole mara mbili, na akataka kujua kama Jumamosi ningeweza kurudi, asubuhi kabla upepo haujaanza, na safari hii nije bila watu.